Wimbi Moja, Wenyewe Watatu

Pale Iringa mjini, miaka ya hamsini, watu walimwita Isihaka bin Halfani kwa jina la Isihaka wa Redio. Wageni wakisikia jina hilo walidhani anayo redio ya kuimba, wakamwendea jioni wakitaka kusikia taarabu. Redio yake haikuimba. Ilikuwa sanduku la bati, zito kama jiwe la kusagia, limekaa juu ya meza katika ofisi ya idara ya barabara, na pembeni yake kuna kipaza sauti cha kushika mkononi chenye kitufe. Ukikibonyeza kitufe unasema, ukikiachia unasikia. Anayesema hasikii, na anayesikia hawezi kusema mpaka mwenzake atamke neno "ova".

Kazi hiyo Isihaka aliijulia vitani, huko Burma, alikokwenda akiwa kijana. Babu yake alitoka Kilwa akifuata biashara, baba yake aliuza vitambaa mtaa wa Miyomboni, na yeye alitegemewa arithi duka. Lakini aliporudi kutoka vitani alikuta duka limeshakuwa la kaka yake. Hakugombana. Akaenda kuomba kazi kwa injinia wa barabara, Mzungu mmoja mrefu asiyependa maneno mengi, akapewa meza ile na sanduku lile.

Wimbi la kusemea lilikuwa moja na wenyewe walikuwa watatu. Wakubwa wa Dar es Salaam walisema hakuna wimbi jingine la kutoa, basi wagawane. Asubuhi ilikuwa zamu ya mashamba ya chai ya Mufindi, yakiagiza mafuta na magunia. Adhuhuri ilikuwa zamu ya misheni, daktari akizungumza na zahanati zake zilizotawanyika milimani. Alasiri ilikuwa zamu ya barabara, na hapo Isihaka aliita kambi moja baada ya nyingine mpaka Mbeya. Asiye na zamu alikaa kimya. Wawili wakibonyeza kwa pamoja, sauti zote ziliharibika, ukabaki mluzi wa kutoboa masikio. Na mtambo wa Iringa ulikuwa na nguvu kuliko mingine yote. Ukisema wewe ukiwa Iringa, aliye Mbeya na betri yake iliyochoka hasikiki kabisa.

Kwa sababu hiyo injinia alimwonya mapema. "Isihaka," alimwambia, "zamu ya mtu ni kama nyumba yake. Ukiingia bila kubisha, mimi sitakutetea."

Isihaka alilishika neno hilo. Ila hakuna aliyemkataza kusikiliza, naye alisikiliza kutwa. Hivyo aliwajua watu wengi kwa sauti bila kuwahi kuwaona sura. Mmoja wao alikuwa Damari, mkunga wa misheni katika vilima vya Poroto, upande wa Mbeya. Alisema polepole, kila neno akiliweka mahali pake.

Ilikuwa katikati ya masika, mwaka wa hamsini na saba, siku ya Alhamisi. Mvua ilikuwa imenyesha mfululizo hata watu wameacha kuizungumzia. Kudra, mkewe Isihaka, alikuwa Mbeya kwenye arobaini ya mjomba wake, na alikuwa ameaga kwamba angerudi na basi la Alhamisi.

Adhuhuri ilipoingia tu, simu ya ukutani ililia. Alikuwa Saulo, Mbena mmoja, nyapara wa kambi iliyo kando ya mto Lyandala, mbele ya Makambako. Sauti yake ilikuja imechanganyika na ngurumo ya maji.

"Bwana Isihaka, daraja limekwenda."

"Limekwenda namna gani?"

"Limekwenda lote. Magogo, nguzo, kila kitu. Hata nguzo za simu za upande wa pili zimelala majini. Mimi nasema na wewe kwa kuwa waya wa upande huu bado umesimama. Huko ng'ambo siwezi kupiga."

"Umefunga njia?"

"Upande wangu nimefunga kwa magogo. Shida ni ng'ambo. Unaijua ile kona, Bwana Isihaka. Gari linateremka kutoka Igawa, kona, halafu daraja hapo hapo. Na leo ukungu umeshuka. Mimi mwenyewe siuoni ule ukingo vizuri. Basi la Mbeya linakuja."

Basi lile husimama Igawa abiria wanywe chai, kisha hushika njia ya mtoni. Pale Igawa ilikuwepo kambi ya barabara, na kambini alikuwepo Isakwisa, Mnyakyusa kijana mwenye redio. Simu haikufika tena. Iliyobaki ni redio.

"Saulo, usikate simu," alisema. Akakiacha kikono cha simu kikining'inia kwenye waya wake, akavaa visikizio, akashika kipaza sauti.

Misheni walikuwa wameshaanza zamu yao.

"...mmoja ametoka vizuri, msichana, analia," alikuwa akisema Damari. "Wa pili amelala kukingama. Nimetia mkono, nimegusa bega. Mama amechoka sana. Jina lake Tupokigwe. Mkwewe ndiye ananishikia redio. Ova."

Daktari akajibu kwa Kiswahili chake cha kukatakata. "Damari, usivute bega. Tafuta mguu. Nenda polepole mpaka upate kisigino. Uchungu ukija, tulia, usifanye kitu. Uchungu ukiondoka, endelea. Umeelewa? Ova."

"Nimeelewa. Natafuta. Ova."

Isihaka akatazama mlango wa injinia. Ulikuwa wazi na kiti kilikuwa kitupu, maana injinia alikuwa ametoka tangu alfajiri kwenda kuangalia barabara ya Dodoma. Akakitazama kitufe. Alijua ni nini kingetokea akikibonyeza: sauti yake ingejaa milima yote, kutoka Iringa mpaka Mbeya, na ile sauti ndogo ya Poroto ingezama. Alijua pia kwamba dereva wa basi hakai sana kwenye chai siku ya mvua. Alimwona Kudra ameketi dirishani, mahali anapopapenda, amejifunika kanga kichwani kwa baridi.

Akasema moyoni, nitangoja nafasi. Lakini nafasi haikutokea. Daktari aliuliza, Damari akajibu, daktari akaelekeza, na kati ya "ova" moja na neno linalofuata palikuwa na pumzi moja tu. Kwenye simu iliyoning'inia alisikia Saulo akiita kwa mbali, "Bwana Isihaka, upo? Upo?"

"Nimepata mguu," alisema Damari. "Naushika. Ova."

Katika pumzi ile Isihaka akabonyeza.

"Samahani wenye zamu. Hapa Iringa, barabara. Daraja la Lyandala limekwenda na maji, na basi la Mbeya linakwenda kuingia mtoni. Ninamtafuta Igawa. Ova."

Kisha daktari akaja, sauti imepanda.

"Toka. Toka kwenye wimbi sasa hivi. Hapa kuna mtu anakufa. Damari, usivute mguu mpaka..."

Isihaka hakusikia mpaka nini, kwa sababu watu wa mashamba ya chai nao, waliokuwa wakisikiliza, walibonyeza kwa wasiwasi wao kutaka kuuliza habari za daraja, na mluzi ukafunika kila kitu. Ulipokatika, ilisikika sauti ya Damari, nyembamba na mbali.

"Daktari, basi lina watu. Mwache aseme. Mguu nimeushika, siuachii. Aseme upesi. Ova."

Isihaka akabonyeza. "Igawa, Igawa, hapa Iringa. Igawa, jibu. Ova."

Kimya.

"Igawa, jibu. Isakwisa. Ova."

Hakukuwa na jibu, na Isihaka alijua sababu. Haikuwa zamu ya barabara. Mtu wa kambini asiye na zamu huweka visikizio mezani akaenda kula, kama alivyofundishwa. Kila alipoita, alikuwa anakula wakati wa yule mama wa Poroto, na alihesabu moyoni kwamba ataita mara moja tu zaidi kisha arudishe wimbi. Akaita. Akaita tena baada ya hiyo.

"Igawa hapa," sauti ilijibu, mdomo umejaa chakula. "Kuna nini saa hizi? Ova."

"Isakwisa, daraja la Lyandala halipo. Basi liko wapi? Ova."

"Limeondoka. Limeondoka sasa hivi, nimeliona likipandisha."

"Lifukuze."

Isakwisa hakusema hata "ova". Isihaka alisikia kiti kikianguka, kisha hakusikia kitu.

"Wenye zamu, nimemaliza," alisema. "Nawarudishia. Ova."

Akaachia kitufe, na tangu hapo hakuwa na la kufanya ila kusikiliza.

"Damari," aliita daktari. "Damari, usivute mpaka uchungu uje. Ukija, vuta kuelekea chini. Umesikia? Ova."

Poroto hawakujibu.

"Damari, jibu. Ova."

Baadaye ndipo Isihaka alipojua kilichotokea kule. Mkwe wa Tupokigwe, mama mtu mzima ambaye hajawahi kugusa kitu kama kile, alikuwa akiushika mtambo ule karibu na mdomo wa mkunga. Ule mluzi aliuvumilia, lakini sauti ya mwanamume asiyemjua ilipozidi kuita Igawa kwa kishindo, alitupa kipaza sauti kitandani akarudi nyuma mpaka ukutani. Damari alimbembeleza kwa Kinyakyusa akiokote. Mkono wake mmoja ulikuwa kazini na wa pili umelikandamiza tumbo la mzazi. Hakuwa na mkono wa tatu.

Lakini wakati ule Isihaka hakujua hayo. Alisikia daktari akiita, na kati ya mwito na mwito mvua ikipiga mabati ya ofisi. Alichukua kikono cha simu akakiweka sikio la kushoto, na kisikizio kimoja akakibakiza sikio la kulia. Upande mmoja mto ulikuwa ukinguruma, upande wa pili palikuwa kimya.

"Saulo, unaona nini?"

"Ukungu. Nimesimamisha watu na kitambaa chekundu ukingoni, wanapunga. Nani atakiona? Tunapiga kelele, maji yanazimeza."

Sikio la kulia likafunguka. "Daktari," alisema Damari, akihema. "Uchungu ulikuja nilipokuwa siwasikii. Nimevuta kama nilivyofikiri. Miguu imetoka, kiwiliwili kimetoka. Kichwa kimekwama. Ova."

"Mweke mtoto juu ya mkono wako, kama amepanda. Kidole mdomoni mwake, uinamishe kidevu. Usivute shingo. Mtu akandamize tumbo kwa juu. Ova."

"Bwana Isihaka," alisema Saulo sikio la kushoto, "naona taa."

Isihaka alifumba macho.

"Taa za basi. Zinashuka. Zimefika konani." Kisha Saulo akaacha kusema na yeye, akawa anapiga kelele kwa watu wake kwa Kibena. Isihaka alisikia kelele hizo, na maji, na mwanzo wa neno la daktari sikio la pili, na hakujua asikilize lipi.

"Limesimama," alisema Saulo. Sauti yake ilikuwa imevunjika. "Kuna lori la idara, limelipita likakaa mbele yake, limekingama njiani. Basi limeserereka limeligonga kidogo. Yamesimama yote mawili. Watu wanashuka. Bwana Isihaka, wanashuka, nawaona kwenye mwanga wa taa."

Sikio la kulia Damari alikuwa akisema.

"Ametoka. Mvulana. Halii. Ova."

Daktari akamwelekeza: amfute pua, ampulizie pumzi kidogo kidogo, amsugue mgongo. Damari akawa anafanya, akirudi kusema "bado", akienda, akirudi kusema "bado". Daktari hakumkatiza. Watu wa chai hawakubonyeza. Milima yote ilikuwa ikisikiliza, na hakuna aliyethubutu kugusa kitufe chake.

"Daktari," alisema Damari hatimaye. "Huyu hakukaa. Mama yuko hai, damu inapungua. Msichana yuko hai. Ova."

"Umefanya kazi yako, Damari," alisema daktari.

Alasiri, zamu ya barabara ilipofika, Isakwisa aliita kutoka Igawa. Alikuwa na kidonda cha paji la uso na furaha ya kijana aliyeokoa watu. Alieleza jinsi alivyolipita basi kwa lori la kambi kwenye mteremko, tairi mbili zikiwa majanini. Isihaka alimwacha amalize, kisha akauliza kama Kudra binti Muhidini yuko salama.

"Hayumo," alisema Isakwisa. "Nimewatazama wote. Dereva anasema mkeo alikuja stendi akarudi, kuna shangazi ameugua. Mshukuru Mungu. Ova."

Isihaka alishukuru kwa mdomo.

Daktari alishitaki, na alikuwa na haki ya kushitaki. Injinia, kama alivyoahidi, hakumtetea. Akamwondoa kwenye redio akampeleka stoo kugawa sururu na mabeleshi mpaka bwana mmoja wa mawasiliano atoke Dar es Salaam kuja kuuliza. Mjini maneno yalitembea. Waliokuwa na ndugu ndani ya basi walileta ndizi na kuku nyumbani kwake. Wengine, hata msikitini, walisema kwa sauti ya chini kwamba alivunja zamu ya wagonjwa kwa ajili ya mkewe, na mtoto wa watu akafa.

Kudra aliporudi, kwa njia ya kuzunguka na kwa siku nyingi, aliyakuta maneno hayo yanamngoja kisimani. Usiku ule alimwandalia mumewe chakula, akaketi mbele yake.

"Wanasema uliingia kwa ajili yangu."

"Nimesikia."

"Ni kweli?"

Isihaka alilirudisha tonge sahanini. "Nilikuona dirishani," alisema. "Nilimwona na dereva, na wale watu wengine niliwawaza. Lakini wewe nilikuona. Kama ningejua hukuwemo, sijui kama ningebonyeza pale pale au ningengoja kidogo zaidi. Nimelitafuta jibu, sijalipata."

Kudra hakumpa pole wala lawama. Alisema, "Basi nenda ukaone wale watu. Usikae hapa unajibiwa na kuku wa kupewa."

Daraja la muda liliposimama, Isihaka aliomba ruhusa akapanda gari mpaka Mbeya, na kutoka hapo kwa miguu kupanda Poroto, kwenye matope mekundu na mashamba ya viazi. Damari alikuwa mwanamke mnene mwenye nywele za mvi, tofauti kabisa na yule mwembamba aliyekuwa amemchora kichwani kwa sauti. Alimtambua kabla hajajitaja, mara tu aliposema hodi.

"Karibu, mwenye mtambo mkubwa," alisema. Hakutabasamu, lakini alimpa kigoda.

"Dada, nimekuja kuuliza," alisema Isihaka. "Nisingeingia, mtoto angeishi?"

Damari aliendelea kukunja vitambaa vyake. "Na mimi nimejiuliza. Nilipotia mkono mara ya kwanza hakucheza. Huenda alikuwa ameshachoka. Huenda alikuwa analala tu. Sijui, kaka. Ningekudanganya ingekuwa rahisi kwetu sote, lakini sijui. Na mimi ndiye niliyesema uachwe useme. Daktari haishitaki sauti yangu, anaishitaki yako."

Akampeleka kwa Tupokigwe. Alikuwa mdogo kuliko Isihaka alivyodhani, ameketi mlangoni kwake akimnyonyesha msichana. Kiswahili chake kilikuwa kichache, Damari akawa mkalimani. Isihaka alijieleza, akaomba msamaha, akatoa kanga aliyopewa na Kudra ailete. Tupokigwe aliipokea akaiweka magotini. Kisha akauliza jambo kwa Kinyakyusa.

"Anauliza," alisema Damari, "ndani ya lile basi walikuwemo watoto?"

Isihaka alikuwa amewauliza watu wengi habari za basi, na kusikia maneno mengi, lakini hilo hakuwahi kuliuliza. "Sijui," alisema. "Sikuuliza."

Tupokigwe alimtazama. Safari hii alisema mwenyewe, kwa Kiswahili. "Kaulize."

Bwana wa mawasiliano alikuja, akasikiliza, akaandika, akaondoka. Daktari mbele yake hakupunguza neno, ila alisema pia kwamba kosa la kwanza ni la waliowafungia watu watatu ndani ya nyumba ya chumba kimoja. Masika yaliyofuata misheni ilipewa wimbi lake peke yake. Barabara na mashamba ya chai wakabaki wawili kwenye lile la zamani, na wakapatana kwamba kila zamu inapoanza wote wanyamaze kidogo wasikilize, kama kuna mwenye shida aseme. Hakuna aliyewaamuru hilo. Isihaka alirudishwa kwenye meza yake akiwa na onyo, akakaa hapo mpaka alipozeeka, na hakuwahi tena kuingia katika zamu ya mtu bila kubisha.

Lakini hayo yalikuja baadaye. Siku ile alipotoka Poroto hakwenda Iringa moja kwa moja. Alishuka Igawa, akakaa na Isakwisa mpaka siku basi lilipopita, akamngoja dereva anywe chai yake, akamwuliza. Dereva alikumbuka vizuri. Kulikuwa na mama wa Kisangu na watoto wake wawili, mmoja mgongoni, na kulikuwa na wasichana wa shule waliokuwa wakirudi Tosamaganga baada ya likizo, wamekaa nyuma wakiimba njia nzima mpaka lori lilipowapita.

Adhuhuri ilipofika, Isihaka alimwomba Isakwisa kipaza sauti. Alingoja daktari amalize wagonjwa wake wote, mmoja mmoja, mpaka wimbi likabaki tupu. Akabisha.

"Wenye zamu, hapa Igawa, barabara. Naomba neno moja kwa Damari, mkiruhusu. Ova."

Daktari alichelewa kujibu. "Sema," alisema. "Ova."

Isihaka akawataja, mama wa Kisangu na wanawe, na wasichana wa nyuma. Damari alimwacha afike mwisho.

"Nimesikia," alisema. "Nitapanda kwake jioni nikamwambie. Ova."